Nani Aanze Kutubu?

Leo nataka tuzungumze juu ya dhambi. Najua neno lenyewe halina wateja siku hizi. Mwambie mtu unataka kumweleza habari za baraka, atakusogezea kiti. Mwambie unataka kumweleza habari za dhambi, atakumbuka ana safari.

Pita mitaani kwetu usiku wa kuamkia Jumamosi, penye mikesha ya maombi, iwe Mbagala, iwe Kayole, iwe Kawempe. Simama usikilize kinachoombwa. Vinavunjwa vifungo vya ukoo. Wanakemewa maadui wa biashara. Anakemewa shangazi anayesemekana ameroga, jirani mwenye husuda, mkubwa wa kazi anayezuia watu wasipande cheo. Sikejeli maombi hayo. Watu wana shida za kweli, na wana haki ya kuzipeleka kwa Mungu wao. Lakini ukikaa mpaka alfajiri utaona jambo moja: usiku kucha, makosa yaliyotajwa yalikuwa ya watu wasiokuwapo. Shangazi yuko kijijini. Jirani amelala kwake. Mkubwa wa kazi hana habari. Aliyekuwapo, aliyepiga magoti akatoka jasho, yeye hakutajwa hata mara moja.

Imani ya Kikristo haianzii hapo. Inasema mambo mawili, na inayasema kwa pamoja. La kwanza: wewe unayesikiliza na mimi ninayesema ni wenye dhambi, na si kwa sababu tumezungukwa na watu wabaya, bali tangu ndani ya mioyo yetu. La pili: wewe na mimi tunapendwa na Mungu, na hakungoja kwanza tutengenee. Aliyeshika la kwanza akaacha la pili hukata tamaa, au huwa mkali kwa kila anayemkuta njiani. Aliyeshika la pili akaacha la kwanza hulegea, akadhani Mungu hajali lolote. Ninachotaka kusema leo ni hiki: upendo wa Mungu ndio unaompa mtu ujasiri wa kuitazama dhambi yake mwenyewe. Na aliyeitazama kweli utamjua kwa kile anachorudisha.

Tuanze na hilo la dhambi. Likitajwa, wengi huwaza orodha: ulevi, uzinzi, wizi, uongo. Orodha hiyo ni ya kweli, lakini Biblia huchimba chini yake. Katika kitabu cha Mwanzo, tunda likishaliwa, Adamu na mkewe wanajificha. Mungu anapouliza, Adamu anamtaja mwanamke, na kwa kauli hiyohiyo anamtia Mungu lawamani, kwa kuwa ndiye aliyempa mwanamke huyo. Mwanamke naye anamtaja nyoka. Tazama mpangilio huo: kuasi, kujificha, kumsingizia mwingine. Hadithi ni fupi, lakini ukoo mzima wa binadamu umo ndani yake. Dhambi ni kumweka Mungu kando, nafsi ikaketi mahali pake. Na nafsi iliyoketi hapo haikubali kamwe kwamba imekosea.

Wahenga wetu walikwisha kuliona hilo, wakasema nyani haoni kundule. Yesu alilisema kwa habari ya mtu anayetafuta kibanzi katika jicho la ndugu yake na huku boriti imo katika jicho lake. Na mtume Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Rumi, alilijenga kwa ustadi ambao wasomaji wengi hupita bila kuuona. Sura ya kwanza inaeleza maovu ya watu wasiomtukuza Mungu, moja baada ya jingine, na msomaji mcha Mungu anatikisa kichwa kukubali: kweli, watu hao ni waovu. Sura ya pili inapofunguka, Paulo anamgeukia huyohuyo aliyekuwa akitikisa kichwa. Kumbe aliyekuwa akitafutwa tangu mwanzo ni yeye. Sura ya tatu inafunga hesabu: hakuna aliyebaki nje.

Zaidi ya miaka mia tatu baadaye, Mwafrika wa Kaskazini aitwaye Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliandika kitabu cha kuungama maisha yake. Alikuwa askofu mwenye jina kubwa, na alikuwa na makosa mazito ya kusimulia. Lakini mojawapo ya mambo aliyoyachambua kwa kirefu ni wizi wa mapea alioufanya akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Yeye na wenzake waliiba matunda usiku, wala hawakuwa na njaa. Mengi wakawatupia nguruwe. Kilichomsumbua Augustino alipoandika si thamani ya mapea. Alijiuliza: niliiba nikitafuta nini? Akaona kwamba alikuwa ameufurahia uovu wenyewe, na kufurahia kuufanya pamoja na kundi. Mtu akijiuliza swali hilo kwa uaminifu hatakosa la kusema, hata kama hajawahi kuvunja sheria moja ya nchi.

Niseme hapa kwamba Wakristo wenyewe hawakubaliani kila neno. Makanisa ya Magharibi yalimfuata Augustino na kufundisha dhambi ya asili kwa namna nzito. Makanisa ya Kiorthodoksi husema tulichorithi kwa Adamu ni mauti na udhaifu, si hatia yake. Na ndugu zetu Waislamu, ambao najua ni wasikilizaji wetu wengi, hawafundishi dhambi ya kurithi kabisa. Kwao Adamu alitubia na Mungu akaipokea toba yake. Lakini hata penye tofauti hizo, sijakutana na mwalimu wa dini yeyote anayesema binadamu akiachwa peke yake atajihukumu kwa haki.

Tena, mafundisho haya hayasemi mtu ni takataka. Kitabu hichohicho cha Mwanzo kinasema ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Dhambi ni nzito kwa sababu anayeitenda ameumbwa mkubwa. Simba hatendi dhambi anapoua.

Sasa tuondoke kwenye vitabu. Mfano ninaotaka tukae nao leo umetokea kwetu: ni Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliotuletea walokole. Siku hizi ukimwita mtu mlokole huenda unamtania tu, kwamba haonekani baa na sketi yake ni ndefu. Nyuma ya utani huo kuna historia nzito.

Mwezi Septemba mwaka 1929, watu wawili walikutana katika kilima cha Namirembe, Kampala. Mmoja alikuwa Simeoni Nsibambi, Muganda aliyefanya kazi serikalini, idara ya afya. Wa pili alikuwa Joe Church, daktari kijana kutoka Uingereza, aliyetumikia hospitali ya misheni ya Gahini, karibu na ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Daktari huyo alikuwa amechoka mwili na roho. Rwanda ilikuwa imepigwa na njaa kali, ile Wanyarwanda waliyoiita Rwakayihura, na Gahini ilikuwa mahali ambapo wenye njaa na wagonjwa walikimbilia. Nsibambi naye alikuwa na uchungu wake: aliona kanisa la Uganda limejaa watu waliobatizwa, wenye majina ya Kikristo, na mienendo ileile ya zamani. Wakafungua Biblia pamoja, wakaomba pamoja. Mwafrika na Mzungu, enzi ya ukoloni, wameketi kila mmoja akikiri upungufu wake mbele ya mwenzake. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni.

Pale Gahini alikuwapo msaidizi mkuu wa hospitali, Yosiya Kinuka. Hakuwa na raha kazini, na malalamiko yake juu ya hali ya hospitali yalikuwa mengi. Aliposafiri kwenda Uganda alimweleza Nsibambi mambo hayo. Pengine alitarajia kupewa pole. Nsibambi alimgeuzia mazungumzo: habari za hospitali nimezisikia, je, habari za moyo wako? Kinuka alirudi Gahini akiwa mtu mwingine, akawa mmoja wa nguzo za Uamsho. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, naye alikuwa akitumika Gahini kama mwalimu. Alifariki ghafla mjini Kampala Januari 1936, akiwa amejiandaa kuiambia sinodi kwamba kanisa limelala, liamke.

Kanisa lilianza kuamka, na namna lilivyoamka iliwatisha wengi. Katikati ya miaka ya 1930, kuanzia Gahini na Kabale, watu walianza kusimama mbele za wenzao na kusema waliyoyatenda. Walisema kwa majina ya mambo: nimeiba, nimezini, nimemchukia fulani. Kisha wakaenda kurudisha. Vitu vilivyoibwa vilirudi kwa wenyewe. Madeni yaliyosahauliwa yalilipwa. Waliokosana walitafutana. Uamsho huo ukavuka mipaka mpaka Burundi, mpaka Bukoba na nchi nzima ya Tanganyika, mpaka Kenya. Josiah Kibira, Mhaya aliyekuja kuwa askofu wa Kilutheri na mwaka 1977 akachaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alilelewa na Uamsho huo. Yohana Omari, aliyewekwa wakfu mwaka 1955 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana Tanganyika, alikuwa ndugu wa Uamsho pia.

Lakini lililowaacha watu vinywa wazi ni pale wamisionari Wazungu walipopiga magoti pamoja na Waafrika na kukiri kiburi chao na dharau yao kwa watu weusi. Fikiri juu ya jambo hilo katika miaka ya 1930, wakati ambapo Mzungu alikuwa hakimu, mkubwa wa wilaya na mwenye shamba. Mafundisho ya dhambi, yakishikwa kwa ukweli, hayamwachi mtu juu ya kiti. Nasisitiza hilo kwa sababu wako watu wanaoyatumia mafundisho haya kuwanyamazisha wanyonge. Mfanyakazi akidai haki yake, anaambiwa atazame moyo wake. Mke aliyepigwa anapolalamika, anaambiwa yeye naye ni mwenye dhambi. Hapana. Kinuka aliutazama moyo wake, ni kweli. Lakini na wamisionari waliitazama mioyo yao. Neno linalosomwa kwa mdogo tu, mkubwa akiachwa, limekuwa fimbo, na Yesu hakulileta kwa kazi hiyo.

Na walokole wenyewe hawakuwa malaika. Baadhi yao wakishakiri dhambi zao walianza kukiri za wengine. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda na wanafunzi wenzake zaidi ya ishirini walifukuzwa, baada ya kukataa amri ya kuacha ibada zao za alfajiri na kuwakemea wengine. Unaweza kuwasifu kwa ushupavu, na mimi nawasifu. Lakini hapo ndipo palipo na mtego: mtu aliyeona dhambi yake leo, kesho anaweza kuyafanya macho hayohayo kuwa ya kupelelezea wenzake.

Swali linalobaki ni hili. Kwa nini mtu akubali kujiaibisha namna ile? Sisi ni watu tunaotunza heshima. Wazazi wetu walitufundisha kuficha aibu ya nyumba. Ni nini kilichomfanya mwalimu, karani, mzee wa boma, asimame mbele ya watu aseme mimi ni mwizi?

Hofu ya jehanamu haitoshi kueleza. Hofu humfanya mtu ajifiche zaidi, kama alivyofanya Adamu. Walokole wenyewe walijibu kwa neno moja: msalaba. Walisema wamemwona Yesu aliyekufa kwa ajili yao, na kwamba alikufa akijua vizuri ni watu wa namna gani. Kuanzia hapo, hawakuwa na la kuficha, maana anayejua kila kitu alikwisha kuwapenda. Paulo anatumia hoja hiyohiyo katika barua yake kwa Warumi: ni vigumu kumpata mtu atakayekufa kwa ajili ya mtu mwema, lakini Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa bado wenye dhambi. Upendo haukuja kama mshahara wa toba. Ulitangulia, toba ikafuata.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mgonjwa hafichi maradhi kwa sababu ni mjinga. Huyaficha kwa sababu anaogopa, kwamba atachekwa, atatengwa, ataambiwa hakuna dawa. Mhakikishie kwamba daktari hatamfukuza na kwamba dawa ipo, uone kama hatafungua shati mwenyewe. Mwenye dhambi naye anafungua moyo akijua hivyo juu ya Mungu, na kabla ya hapo hafungui.

Ndiyo maana katika hadithi ya mwana mpotevu Luka ameweka jambo dogo ambalo ni kubwa. Kijana ametunga maneno ya kuomba radhi tangu kule kwenye nguruwe. Baba anamwona angali mbali, anakimbia, anamkumbatia. Maneno yanasemwa kijana akiwa tayari kifuani mwa baba, wala baba hamngoji ayamalize. Mzee wa heshima, mwenye mali na watumishi, hakimbii mbele ya watu. Huyu alikimbia. Na hadithi haiishii hapo. Kuna kaka mtu, aliyebaki nyumbani, mchapakazi, ambaye hakuwahi kukosa, au ndivyo anavyosema. Yeye amesimama nje na hataki kuingia kwenye karamu. Baba anatoka kumbembeleza na yeye. Yesu hakutuambia kama aliingia. Miongoni mwa waliokuwa wakisikiliza walikuwamo watu wa dini, na swali aliwaachia wao.

Upendo wa namna hiyo si maneno laini. Tumtazame Festo Kivengere. Alikuwa mwalimu kijana huko kusini magharibi mwa Uganda, ameiacha imani, anakunywa pombe, mpaka Uamsho ulipomkuta mwaka 1941. Miaka mingi baadaye akawa askofu wa Kigezi, wakati Idi Amin akitawala. Februari 1973, serikali iliwaleta watu watatu katika uwanja wa Kabale wauawe hadharani kwa risasi, na watu wakaamriwa kuja kutazama. Kivengere aliomba ruhusa ya kuzungumza nao kabla ya kuuawa. Alisimulia baadaye kwamba alijiuliza atawaambia nini watu wanaokaribia kufa. Alipowafikia, wao ndio waliomfariji: nyuso zao zilikuwa na furaha, na mmoja wao akamwambia kwamba amekwisha kusamehewa na Kristo, akaomba ujumbe huo ufikishwe kwa mkewe. Askari waliokuwa wameshika bunduki walibaki wameduwaa.

Miaka minne baadaye zamu ilifika kwa kanisa lenyewe. Februari 1977 askofu mkuu Janani Luwum, naye mtu wa Uamsho tangu mwaka 1948, alikamatwa na kuuawa. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Kivengere na mkewe wakatoroka usiku, kwa miguu, wakivuka milima mpaka Rwanda. Alifika uhamishoni na moyo mchungu. Alimchukia Amin, na ni nani angemlaumu? Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa London, katika ibada, akisikia habari za Yesu pale msalabani akiwaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha. Akajiuliza: kama Amin angekuwa miongoni mwa wale askari, je, Yesu angemruka katika sala ile? Akajua jibu, na jibu lilimuumiza. Mwaka uleule akatoa kitabu ambacho jina lake tu liliwakasirisha watu: kwamba anampenda Idi Amin.

Msikilizaji, tuwe waangalifu hapa. Kivengere hakusema Amin hana hatia. Aliendelea kuzunguka duniani akieleza mauaji yaliyokuwa yakifanyika Uganda na kuwatafutia wakimbizi msaada. Alichokataa ni kuiacha chuki imtawale. Aliona kwamba chuki aliyokuwa nayo juu ya Amin ilikuwa dhambi yake yeye, Festo, na haikuwa ya Amin. Ukilielewa hilo umeielewa nusu ya Injili. Kumpenda mwenye dhambi si kusema hakutenda. Upendo unaokataa kuutaja uovu umewatupa waliotendewa uovu huo.

Nchini Kenya nako, hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walibanwa pande mbili. Wengi walikataa kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau, wakisema damu ya Yesu imetosha, hawawezi kuichanganya na damu nyingine ya kiapo. Baadhi yao waliuawa kwa hilo. Wengi wao vilevile walikataa kushika silaha upande wa serikali. Tunaweza kubishana mpaka leo kama walifanya haki, maana ardhi ilikuwa imeporwa kweli, na kilio cha wapiganaji kilikuwa cha haki. Lakini hakuna awezaye kusema walichagua njia rahisi.

Sasa nifike mahali pagumu kuliko pote. Rwanda, nchi ambayo Uamsho ulichipuka, ndiyo nchi ambayo mwaka 1994, kuanzia Aprili hadi Julai, mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, waliuawa katika mauaji ya kimbari. Wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Baadhi ya waliouawa walifia ndani ya makanisa walimokimbilia. Ukienda leo Nyamata na Ntarama utaona kumbukumbu zao. Mtu akituuliza, Uamsho wenu ulifaa nini, tusikimbilie kujitetea.

Walikuwapo waliosimama. Israel Havugimana, mhubiri aliyekuwa akiwakutanisha Wahutu na Watutsi, aliuawa mwanzoni kabisa. Wako waliowaficha majirani zao wakafa nao. Lakini kanisa kwa ujumla lilikuwa limezoea kukiri dhambi za aina moja. Ulevi uliungamwa. Uzinzi uliungamwa. Wivu wa jirani uliungamwa. Dharau ya kabila kwa kabila, hesabu za nani apate shule na nani akose, maaskofu kula meza moja na watawala, hayo yaliitwa siasa, na siasa haikuletwa kwenye toba. Dhambi ambayo hakuna anayeitaja ndiyo inayopata nafasi ya kukua. Mimi nadhani hilo ndilo funzo kubwa ambalo Gahini na Nyamata, zikisomwa pamoja, zinatupa.

Baadaye Wanyarwanda walianza kujifunza kutaja. Desemba 1996, Wakristo wa Kihutu, wa Kitutsi na wa nchi za Magharibi walikutana Detmold, Ujerumani. Kila kundi liliandika makosa ya upande wake na kuwaomba wengine radhi. Wahutu hawakuandika makosa ya Watutsi, wala Watutsi makosa ya Wahutu. Na wa Magharibi walikiri ya kwao. Tamko hilo lililaumiwa vikali. Huko nyumbani zikaja mahakama za gacaca, ambamo wanakijiji wenyewe waliketi kwenye nyasi kusikiliza kesi za mauaji hayo, nazo zilifanya kazi hadi mwaka 2012, na sheria ilimpunguzia adhabu aliyekiri. Serikali ilikuwa na sababu zake. Lakini mjane aliyeketi pale kwenye nyasi alijua kutofautisha mtu anayekiri ili miaka ya kifungo ipungue, na mtu anayekiri kwa kuwa ameona alichokifanya. Huyu wa pili alionyesha mahali miili ilipotupwa ili izikwe kwa heshima. Alikuja na jembe kumlimia.

Hapo ndipo Zakayo anapoingia. Mtoza ushuru yule wa Yeriko alipanda mti amwone Yesu, na Yesu akasema atashinda kwake, kabla Zakayo hajatubu lolote. Watu wakanung'unika. Lakini tazama kilichofuata: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa alipwe mara nne. Yesu hakumdai. Kupendwa kulimfanya afungue hesabu mwenyewe. Siku hizi tuna watu wanaosema wameokoka, nao wanakalia kiwanja cha yatima. Tuna mashemasi wanaomdai mfanyakazi wa ndani uaminifu, na mshahara wake wa miezi mitatu hawajamlipa. Mtu aliyekula fedha za zahanati anatoa sadaka kubwa, mchungaji anamkaribisha kiti cha mbele. Tukimwambia tu kwamba Mungu anampenda, tumesema kweli nusu. Mungu anampenda, na kwa sababu hiyohiyo anamtaka azirudishe fedha za zahanati.

Basi, msikilizaji wangu, nina ombi. Wiki hii, kabla hujamwombea wala kumkemea mtu yeyote, keti peke yako uitaje dhambi yako moja kwa jina lake halisi. Usiseme mapungufu. Kama ni uongo, sema uongo. Kama ni dharau ya kabila la jirani yako, sema hivyo. Iseme mbele ya Mungu bila woga, maana hakuna utakachomwambia kitakachomfanya ajute kukupenda. Kisha jiulize ni nani uliyemuumiza, na kitu gani chake kiko mikononi mwako: fedha, mpaka wa shamba, jina lake zuri ulilolichafua. Nenda ukamrudishie. Usingoje yeye aje kwanza, hata kama naye ana lake la kukuomba radhi. Anayejua amesamehewa ndiye anayetangulia.